Piza ya Jumanne: halali tumeuliza, chumvi je?

Mwezi uliopita nilikuwa Kisumu, nyumbani kwa dada yangu aliyeolewa Kaloleni. Si Kaloleni yetu ya Kilifi. Hii ni Kaloleni ya Kisumu, mtaa wa zamani ambao ukiwa ndani yake siku ya Ijumaa, ukasikia adhana na harufu ya pilau, unaweza kusahau kwamba kutoka Mombasa umesafiri usiku mzima kwa basi.

Ilikuwa Jumanne. Tulikaa kula baada ya Isha, nami nikawa natafuta kichupa cha chumvi mezani. Hakipo. Nilipouliza, dada akanijibu kwa sauti ya chini: "Tumekiondoa. Shemeji yako ana presha."

Waliigundua kwa bahati. Mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale zaidi ya laki moja waliokabidhiwa mikoba na mashine za kupimia presha na sukari mwaka 2023, alipita mtaani akampima shemeji pale pale barazani. Mashine ikasoma 168 juu ya 102. Akarudi siku ya pili, hali ni ile ile. Shemeji akapelekwa zahanati, akaanzishiwa dawa, na akaambiwa apunguze chumvi. Dada yangu hafanyi jambo nusu nusu. Viungo vya pakiti alivitupa, achari akaipa majirani, na kichupa cha chumvi kikahama mezani.

Basi tukiwa hapo, boda ikasimama nje. Mpwa wangu akaingia na maboksi mawili ya piza. Kijana amepata kazi yake ya kwanza mwaka huu, na Jumanne ni siku ya ofa: ukinunua moja unapewa ya pili bure. Aliyaweka maboksi mbele ya babake kwanza, kama inavyopasa. Shemeji akatabasamu, akala kipande, cha pili, na cha tatu. Dada alinitazama, nami nikatazama sahani yangu. Nani atakataa mkono wa mwanawe, tena mshahara wa kwanza?

Nilinyamaza usiku ule, na vipande vyangu nilikula. Makala haya ndiyo niliyopaswa kusema.

Mimi si daktari wala mtaalamu wa lishe. Diploma yangu ni ya uhasibu, na mhasibu kazi yake ni moja: kuuliza kilichoingia na kilichotoka. Basi nilichukua kalamu nikaifanyia piza hesabu.

Tuanze kwa haki. Piza ni chakula, si sumu. Msingi wake ni unga wa ngano, nyanya na jibini, vitu ambavyo kila kimoja kina faida yake. Idara ya Kilimo ya Marekani ina majedwali ya thamani ya vyakula yanayotumiwa duniani kote. Kwa mujibu wa majedwali hayo, kipande kimoja cha piza ya kawaida ya jibini, yaani sehemu moja ya nane ya piza kubwa, chenye uzito wa gramu 107, kina kalori 285, protini gramu 12, wanga gramu 36 na mafuta gramu 10. Kina pia kalsiamu miligramu 200 hivi, ambayo ni nzuri kwa mifupa. Kijana anayebeba mizigo bandarini au mtoto anayecheza mpira jioni nzima hatadhurika kwa kipande kimoja au viwili.

Mzani unapinduka ukifika kwenye chumvi. Kipande hicho kimoja kina sodiamu miligramu 640. Sodiamu ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite miligramu 2,000 kwa siku, sawa na chumvi gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Zidisha basi vipande vitatu vya shemeji: sodiamu miligramu 1,920 na kalori 855. Kwa mlo mmoja, bila kugusa kichupa, shemeji alikula karibu chumvi yote aliyoruhusiwa kwa siku nzima. Na hiyo ni piza ya jibini tupu. Ukiongeza soseji, nyama ya kusindikwa au jibini ya ziada, hesabu inapanda. Kila duka lina vipimo vyake, kwa hiyo boksi la shemeji huenda lilikuwa chini au juu ya hapo. Shida ni kwamba hakuna aliyetuambia ni wapi.

Mwenye kusoma haya ataniuliza: na sisi wa Pwani je, hatuli chumvi? Tunakula, tena sana. Papa mkavu na ng'onda vimejaa chumvi. Lakini kumbukeni mama zetu walivyofanya. Papa haingii chunguni siku aliyonunuliwa. Anaroweka, maji yanamwagwa, anarowekwa tena, anachemshwa, maji yanamwagwa, ndipo anapikwa kwa nazi. Mpishi aliijua chumvi ilipo na aliijua njia ya kuitoa. Piza huwezi kuiroweka. Chumvi yake imo ndani ya mkate, ndani ya jibini, ndani ya sosi ya nyanya na ndani ya nyama ya juu. Ulimi hauioni kwa sababu imechanganyika na mafuta na utamu. Ndiyo maana nyumba iliyotupa kichupa cha chumvi iliweza kuipokea mlangoni, ndani ya boksi, bila mtu kushtuka.

Kisha kuna rafiki wa piza, soda. Chupa ya nusu lita ya kola ina sukari zaidi ya gramu 50, kama vijiko 13 vya chai. Hicho peke yake kinafikia kiwango cha juu cha sukari ya kuongezwa ambacho mtu mzima wa kawaida anashauriwa kwa siku. Kisichopatikana katika mlo huo ni mboga za maana, kwani zile pete tatu za pilipili hoho juu ya jibini ni mapambo.

Sasa tutazame Kisumu yenyewe, maana hapo ndipo jambo hili linapouma. Mji huu umekaa juu ya chakula. Ziwa linatoa ngege, ambaye wengi tunamjua kwa jina la tilapia. Linatoa mbuta, ambaye jirani zetu wa Tanzania wanamwita sangara. Linatoa omena, yaani dagaa wa ziwa. Omena mkavu karibu nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa analiwa mzima, kichwa na mifupa, anampa mlaji kalsiamu kuliko kipande chochote cha jibini. Soko la Kibuye limejaa osuga, ambayo sisi tunaiita mnavu, na apoth, yaani mrenda, na kunde. Ugali, omena na mnavu ni mlo ambao mtaalamu yeyote wa lishe angeutia saini. Na chumvi yake iko mkononi mwa mpishi.

Lakini angalieni chakula hicho kinakwenda wapi. Minofu ya mbuta inakatwa viwandani na kusafirishwa ng'ambo. Kinachobaki, kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo, kinakaangwa na akina mama wa Obunga na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Jina hilo halihitaji maelezo. Omena naye, sehemu kubwa inakwenda kwenye viwanda vya chakula cha kuku na mifugo, na kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wake unafungwa ili apate kuzaana, hivyo bei inapanda. Kwa hiyo mtu wa Kisumu anauza mnofu, anabaki na mfupa, halafu jioni ananunua boksi la unga wa ngano, nafaka ambayo Kenya inaagiza sehemu kubwa yake kutoka nje.

Hatuwezi kuwalaumu vijana kwa hilo. Mpwa wangu anatoka kazini saa moja usiku. Omena anataka kuchambuliwa, kuoshwa na kukaangwa. Samaki wa kukaanga wa ufukweni pia si karibu kama zamani, kwani vile vibanda maarufu vya Lwang'ni vilivyokuwa kando ya bandari vilibomolewa. Piza inakuja kwa simu na M-Pesa, moto, ndani ya boksi lenye rangi. Tena ina heshima. Omena kwa miaka mingi amesemwa kuwa chakula cha maskini. Boksi la piza linasema kijana amefika. Kisumu ya leo ina maduka makubwa, ilipokea mkutano wa Africities mwaka 2022, na kijana wake anataka kula kama kijana wa Nairobi. Huko Naples, Italia, ilikozaliwa, piza ilikuwa chakula cha watu wa hali ya chini barabarani. Huku kwetu imepanda cheo njiani.

Nambari za nchi zinatuonya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa 2022 ukaonyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Utafiti huo huo ukasema asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na kaunti iliyoongoza kwa ubaya ni Kilifi yetu, asilimia 37. Kisumu iko miongoni mwa zile zenye kiwango cha chini, na sidhani samaki wa ziwa hawana mchango katika hilo.

Zisomeni nambari hizo pamoja. Nchi moja ina mtoto aliyedumaa na mama aliyezidi uzito, pengine nyumba moja. Mwenye njaa na mwenye shibe wote wamekosa chakula bora. Nasi tunalipa. Tangu Oktoba 2024 wenye mishahara tunakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kiharusi kimoja, figo moja iliyoharibiwa na presha, ni fedha nyingi kutoka mfuko huo, na nyingi zaidi kutoka mfuko wa familia. Mwenye duka la piza faida yake ameshaiweka benki.

Nije sasa kwenye swali tunalopenda kuuliza sisi Waislamu. Tukiingia katika mkahawa wa aina hii, Mombasa au Kisumu, jicho la kwanza linatafuta cheti cha halali ukutani. Ni sawa, na ni wajibu. Tunauliza kuku kachinjwa na nani, na kama nyama ya nguruwe inapikwa jikoni humo. Lakini dini yetu imeviunganisha vitu viwili katika chakula: kiwe halali, na kiwe twayyib, yaani chema, safi, chenye kufaa mwili. Nusu ya kwanza tumeisimamia mpaka wafanyabiashara wakakubali, na leo hakuna mkahawa mkubwa unaofungua mlango Pwani bila kufikiria cheti hicho. Nusu ya pili tumeiacha. Cheti kinakuambia kisu kilivyotumika. Hakikuambii chumvi ni miligramu ngapi.

Na somo ni hilo: mteja akiuliza, mfanyabiashara hubadilika. Hakuna sheria iliyowalazimisha wote kutafuta cheti cha halali. Maswali yetu ndiyo yaliyowalazimisha.

Lakini maswali ya mteja peke yake hayatoshi. Nchi nyingine zimeshachukua hatua. Marekani, tangu Mei 2018, mikahawa yenye matawi 20 au zaidi inalazimika kuandika kalori kwenye orodha ya vyakula. Uingereza imefanya hivyo tangu Aprili 2022 kwa kampuni zenye wafanyakazi 250 na kuendelea. Afrika Kusini, mwaka 2016, ilianza kuweka kisheria kikomo cha chumvi katika mkate na vyakula kadhaa vya viwandani. Na Zimbabwe, tangu Januari 2025, inatoza kodi ya asilimia 0.5 kwa mauzo ya vyakula vya haraka, na piza imetajwa kwa jina. Zimbabwe si nchi ya mbali na sahani zetu. Simbisa Brands, kampuni inayoendesha Pizza Inn na Chicken Inn hapa Kenya, kwao ni Harare.

Sisemi tuige kodi hiyo. Kodi ndogo ya namna hiyo humlipisha mlaji na kujaza hazina, na sina hakika hupunguza hata punje moja ya chumvi. Ninachotaka ni nambari. Kampuni zenye matawi mengi hupika kwa vipimo vile vile kila tawi, kwa hiyo kuhesabu chumvi na kalori za piza moja ni kazi ya mara moja. Mama ntilie wa Kibuye hawezi kupeleka sahani yake maabara, na asilazimishwe. Kampuni kubwa inaweza.

Tusidanganywe kwamba ni lazima tusubiri Nairobi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa anayonunua. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeipa serikali ya kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouza chakula kwa umma. Kila mwaka maduka haya huenda kaunti kutafuta kibali. Bunge la Kaunti ya Kisumu, la Mombasa au la Kilifi linaweza kuandika sharti moja dogo: mwenye matawi kadhaa aonyeshe chumvi na kalori ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. MCA wako atakuja kukuomba kura mwaka 2027. Muulize hilo.

Nyumbani nako tuna la kufanya, bila kumvunja moyo kijana aliyetoa fedha zake. Piza iwe ya mara moja kwa mwezi, si ya kila Jumanne. Ofa ya "moja bure" si zawadi kwa mwenye presha, kwa sababu ile ya pili hailiwi kesho, inaliwa usiku ule ule. Agizeni ya mboga au kuku badala ya soseji, na msiongeze jibini. Badala ya soda, maji, au juisi ya ndimu isiyo na sukari nyingi. Anzeni na sahani ya mnavu au kachumbari isiyotiwa chumvi ndipo mfungue boksi, maana tumbo lililopata mboga halidai kipande cha tatu. Na mwenye dawa za presha aendelee kuzimeza, asidhani mboga zimemponyesha.

Kabla sijapanda basi kurudi Mombasa, nilikaa barazani na mpwa wangu nikamweleza hesabu yangu. Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mjomba, mimi nilidhani namfurahisha." Nikamwambia amemfurahisha kweli, na hilo babake hatalisahau. Akatoa simu akapiga pale anaponunua, akauliza kwa adabu piza yao ina chumvi kiasi gani. Dada aliyepokea alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akasema hajui, na kwamba hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

Jumanne iliyofuata dada alinipigia. Kijana alikuwa amepitia Dunga akarudi na ngege wawili wakubwa, akawachoma mwenyewe kwa mkaa uani, kwa ndimu na kitunguu saumu. Nikauliza shemeji amesemaje. Dada akacheka: "Amesema samaki ni wazuri, lakini wamepungua chumvi."

Nikamwambia amwachie ndimu nyingine.